Mtu wa Asali Hana Jina

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Kabambare na flashi moja mfukoni. Ndani yake mlikuwa na ile filamu ndefu ya BBC inayoitwa Africa, ya mwaka 2013, sehemu sita, na sauti ya mzee David Attenborough. Wengi wenu mnaijua, tumeipitishana kutoka kompyuta moja hadi nyingine tangu mwaka wa kwanza wa masomo. Jioni moja, betri ya sola ikiwa bado na nguvu, niliwawekea watu wa nyumbani sehemu ya tatu, ile inayoitwa Congo. Nikajisemea moyoni: leo wataona kwetu.

Mjomba wangu alikaa mbele kabisa. Yeye ni mtu wa pori. Amewinda, ametega, amepakua asali miaka mingi, mpaka magoti yalipomkataza. Kiingereza hasikii, kwa hiyo nilikuwa natafsiri. Sokwe alipopanda mti na kuanza kuvunjavunja mzinga wa nyuki apate asali, watoto walipiga kelele za furaha. Mjomba hakusema neno mpaka picha zilipoisha. Kisha akauliza:

"Huyu muzungu, nani alimuonyesha ule muti?"

Nikamweleza kwamba Attenborough ni sauti tu hapo, wapiga picha ni watu wengine.

"Basi hao wengine. Nani aliwaonyesha?"

Sikuwa na jibu. Nilizima kompyuta, nikasema betri inakwisha. Lakini swali lile halikunitoka kichwani, na nadhani ni swali zuri kuliko mengi tuliyofundishwa juu ya namna ya kuhakiki kazi ya mtu. Kila anayetusimulia viumbe vya Afrika, iwe kwa filamu au kwa kitabu, kuna mtu aliyemwonyesha mti. Je, kazi yenyewe inamtaja? Na kama haimtaji, inapoteza nini?

Tuanze na filamu, na tuseme haki. Ni kazi kubwa. Sehemu ya Congo ina sokwe mwizi wa asali, ina ndege wa ukoo wa kale sana, ina vyura wanaopigana mateke, ina tembo wa msituni wanaogombana kwa kishindo. Ukiitazama pamoja na watoto unaona wanavyosahau hata kula. Mtu aliyekaa wiki na wiki juu ya mti akingoja dakika mbili za sokwe anastahili heshima. Na sehemu ya sita inazungumza waziwazi juu ya watu na kesho ya wanyama, na mwisho wa kila sehemu kuna dakika chache za kuonyesha wapiga picha walivyofanya kazi. Kwa hiyo sitasema kwamba hawa watu hawajui kuwa Afrika ina wenyewe.

Lakini angalieni Congo ya simulizi lenyewe. Ni msitu mmoja mnene, wenye giza na mvua, hauna mwisho, hauna kijiji. Ni kama vile dunia imeumbwa jana. Sasa mtu anayetoka Kasongo kwa pikipiki kuja kwetu anapita nini? Anapita nyasi, halafu msitu kando ya mto, halafu nyasi tena, halafu shamba la mihogo la mtu, halafu msitu mwingine mdogo. Kusini mwa Maniema si ukuta wa miti. Ni vipande. Sokwe wetu anaishi katika vipande hivyo, na maisha yake yote ni hesabu ya kuvuka kutoka kimoja kwenda kingine. Mtoto wa Kabambare akiitazama ile filamu anajifunza kwamba Congo ni mahali pengine, mbali, ambapo yeye hajafika. Dada yangu mdogo aliniuliza usiku ule ule: "Yaya, Congo iko wapi?" Yuko ndani ya Congo, anakula sombe ya Congo, na anauliza Congo iko wapi.

Njo hapo nilipokumbuka kitabu.

Kuna kitabu cha zamani kinachosema habari za wanyama wa kwetu, na kinataja kwetu kwa jina. Ni shajara za mwisho za David Livingstone. Alikufa mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, na shajara zake zilichapishwa London mwaka 1874 katika majuzuu mawili, zikihaririwa na Horace Waller. Susi na Chuma, wale waliobeba mwili wake mpaka pwani na kuyaokoa maandishi yake, walikwenda Uingereza wakamsaidia Waller katika kazi hiyo. Katika kitabu anatajataja mahali anapopaandika Bambarre. Ni hapa kwetu, Kabambare.

Alifika mwezi wa 9 mwaka 1869, akifuatana na wafanyabiashara wa pembe za ndovu waliotoka upande wa Ujiji. Alitaka kwenda Lualaba. Akaenda, akarudi, na kuanzia mwezi wa 7 mwaka 1870 mpaka mwezi wa 2 mwaka 1871 alikwama Kabambare kwa sababu ya vidonda vya miguu. Hakuweza kutembea. Kwa hiyo kurasa zake juu ya wanyama wa Manyema ni za pekee: nyingi ni za mtu aliyelazwa kibandani, anayesikiliza wanaopita mlangoni. Kwa kiasi kikubwa viumbe vyetu aliviandika kwa masikio.

Mnyama anayempa nafasi kubwa kuliko wote anamwita "soko". Msicheke, si soko la kununulia ndizi. Ni neno lile lile ambalo limo ndani ya "sokwe", na ambalo sisi hapa bado tunalo kamili tunaposema sokomutu. Livingstone alidhani ni gorila. Siku hizi wanaomsoma wanakubaliana kwamba aliyekuwa anaelezwa ni sokwe, yule yule ambaye wataalamu wanamhesabu katika kundi la sokwe wa mashariki, ndugu wa wale wa Gombe ng'ambo ya Tanganyika.

Sasa nisimulie kwa maneno yangu mambo aliyoandika, maana wengi wetu hatujawahi kufungua kitabu hicho, ingawa kinatuhusu.

Mwezi wa 8 mwaka 1870 nyasi zilichomwa mahali pakubwa. Moto ukawatoa soko wanne maficho yao, wakaingia mbugani, wakauawa kwa mikuki. Livingstone akaona mizoga, na hapo anaanza kumchora mnyama. Anamcheka. Anasema ana miguu ya kupinda, tumbo kubwa, sura ya mhuni asiye na uungwana hata kidogo. Anasema angefaa kuwa kielelezo kwa mtu anayetaka kuchora Shetani, na kwamba akimtazama hamu ya kula inakwisha.

Kisha, katika maelezo hayo hayo, anaandika kile ambacho watu wa Manyema wenyewe walimwambia: kwamba soko ni mtu, na hana ubaya ndani yake.

Nilipofika hapo mara ya kwanza niliweka kitabu chini. Hukumu mbili zimekaa karibu kabisa. Mgeni anasema Shetani, wenyeji wanasema mtu mwema. Mgeni aliona mizoga mbugani. Wenyeji waliishi naye tangu babu zao, na kweli walimuua na kumla pia, hilo hakuna wa kulificha, lakini hawakumtukana. Na jina sokomutu, ambalo mama zetu wanalitamka mpaka leo bila kulifikiria, ni hukumu yao ile ile. Ni nadra kwa mwandishi kuhifadhi maneno yanayompinga mwenyewe. Livingstone aliyahifadhi, na kwa hilo namshukuru.

Anaendelea. Anasimulia kwamba soko wanakusanyika, wanapiga kitu kama ngoma, wengine wanasema kwa miti yenye uwazi ndani, kisha wanapaza sauti zote pamoja. Anasema wanaishi kundi la kama kumi. Mgeni wa kundi jingine akiingia anafukuzwa kwa ngumi na makelele. Akikosa adabu kwa mke wa mwenzake, wote wanamkamata na kumpiga. Anasema soko akipita kutoka kipande cha msitu kwenda kingine, dume mara nyingi ndiye anabeba mtoto kuvuka nyasi, halafu anamrudishia mama. Anasema soko akigombana na chui anamkamata miguu ya mbele na kuitafuna vidole.

Hebu rudieni lile la kuvuka nyasi. Mtu aliyemsimulia Livingstone jambo hilo alikuwa mtu wa vipande, mtu wa Kabambare. Sentensi moja ile ina nchi yetu ndani yake kuliko saa nzima ya filamu.

Sasa wale watu wawili. Livingstone anaandika kwamba mtu mmoja alikuwa anapakua asali mtini, akiwa uchi, mara soko akatokea, akamkamata, kisha akamwachia aende. Mwingine alikuwa anawinda. Akarusha mkono amchome soko kwa mkuki, akakosa. Soko akaushika mkuki akauvunja, akamkumbatia yule mtu, naye akawaita wenzake kwamba soko amemshika. Soko akamng'ata ncha za vidole, akaenda zake bila jeraha. Na Livingstone anamaliza kwa kusema kwamba watu hao wote wawili wako hai, hapo hapo Bambarre.

Wako hai. Yaani angeweza kuwaita wakaingia kibandani. Labda waliingia. Labda mmoja alinyoosha mkono wake mbele ya taa, vidole vifupi vile, mzungu akavitazama. Lakini majina hayamo. Mfanyabiashara Bogharib ametajwa. Mfanyabiashara Katomba ametajwa. Watoto wa chifu wametajwa, kwa tahajia ya ajabuajabu lakini wametajwa. Mtu wa asali na mtu wa vidole ni "mtu mmoja" na "mwingine".

Hapo ndipo kasoro ya kitabu na kasoro ya filamu zinapokutana, ingawa kati yao kuna karibu miaka 140. Asali ni ile ile, sokwe ni yule yule, na aliyejua mti hana jina. Filamu inamwondoa mtu kabisa ili msitu uonekane safi. Kitabu kinamwacha aingie, kinamsikiliza, kisha kinamfungia nje ya mlango wa majina.

Na kuna mabaya zaidi ambayo mhakiki hawezi kuyaruka. Livingstone akisikia kwamba watu wanasifu nyama ya soko, anakimbilia kudhani kwamba huenda kula soko ndiyo hatua ya kwanza iliyowafikisha Wamanyema kwenye kula watu. Hana ushahidi, ni dhana tu, lakini dhana ile ilitembea mbali kuliko miguu yake. Akisikia makelele ya soko anasema muziki wa wenyeji unayaiga vizuri, muziki ambao kwake ni kama mtoto ambaye bado hajazaliwa. Ndugu zangu mliocheza ngoma mpaka asubuhi kwenye matanga na kwenye harusi za Kabambare, mnaelewa uzito wa tusi hilo. Anaanza na mnyama, anaishia kwetu. Na wakati ule ule misafara aliyofuatana nayo ilikuwa inakamata watu wa vijiji hivyo hivyo. Mwezi wa 7 mwaka 1871 aliona kwa macho yake watu wanavyopigwa risasi sokoni Nyangwe, akaandika kwa uchungu mkubwa. Lakini msomaji wa leo lazima akumbuke: hadithi za soko zilisimuliwa na watu waliokuwa wanawindwa. Sijui mtu anayesikia bunduki mlimani anamsimulia mgeni mambo yote au nusu tu.

Kuna ukurasa mmoja ambapo Livingstone mwenyewe anabadilika. Mwaka 1871 Katomba alimpa soko mdogo wa kike ambaye mama yake aliuawa. Akikaa hafiki nusu mita. Anakaa mkekani karibu naye, kimya. Ananyoosha mkono abebwe kama mtoto aliyedekezwa, akikataliwa anakunja uso wa kilio na kusugua mikono. Anajitengenezea kitanda cha majani, anajifunika mkeka alale, anajipangusa uso kwa jani. Anatembea si kwa viganja bali kwa migongo ya vidole, na Livingstone anaieleza mifupa ile sawasawa kabisa. Shetani ametoweka kwenye ukurasa huu. Kilichobadilisha kalamu ni nini? Ni kwamba safari hii alikaa na kiumbe mwenyewe siku kadhaa, kiumbe hai, akamtazama. Watu wa Kabambare walikuwa na siku kama hizo kwa mamia ya miaka, na neno lao lilikuwa limeshasema sokomutu.

Nilimsomea Mjomba kurasa hizo, nikizitafsiri polepole, jioni tatu mfululizo. Mwalimu wa uhakiki kama yeye sijapata darasani.

Juu ya ngoma alisema kweli, ila si lazima mti wenye uwazi, anapiga ile mizizi mipana inayosimama kama mbao chini ya shina, kwa mikono na kwa miguu. Wataalamu wa sokwe wanasema hivyo hivyo, na kwamba sauti hiyo inaweza kufika zaidi ya kilomita moja. Juu ya vidole alicheka sana, akasema ndiyo, anakwenda kwenye vidole. Juu ya kila dume na mke wake alitikisa kichwa: "Hapana. Pale hakuna ndoa." Na kweli, sokwe hawaishi mke na mume, madume na majike wa kundi wanachanganyika.

Lakini nilipofika mahali ambapo Livingstone anasema soko hali nyama, Mjomba alikasirika.

"Nani alimuambia vile? Anakula. Anakamata kima, anamupasua, wanagawana."

Mjue kwamba dunia ya wasomi ililijua jambo hili mwaka 1960 tu, Jane Goodall alipofika Gombe mwezi wa 7 na baada ya miezi michache akamwona sokwe akila nyama, kisha akamwona akivua mchwa kwa kijiti. Vitabu vikabidi viandikwe upya. Sidai kwamba wawindaji wa Kabambare wa mwaka 1870 walijua yote. Huenda aliyemjibu Livingstone hakujua. Huenda alijua, mkalimani akakosea. Huenda aliona mzungu mgonjwa anauliza maswali mengi akataka amalize haraka. Hatuwezi kukata shauri, na hatuwezi kwa sababu moja: hatujui aliyesema ni nani, alikuwa mwindaji au mtu wa kupita, wa kijiji gani, wa upande gani wa mto. Kwa hiyo jina lina kazi yake, mbali na heshima. Maarifa yasiyo na mwenyewe hayawezi kusahihishwa, maana hujui urudi kumuuliza nani.

Wapo watakaosema: haya ni ya kale, wewe umekaa na kitabu cha mkoloni wakati watu wana njaa. Nawaelewa. Lakini sikilizeni hali ilivyo. Sokwe jike anazaa mara moja kila miaka mitano au sita hivi. Akiuawa mmoja, pengo lake halizibiki haraka. Mahali wachimba dhahabu wanapojaa, nyama ya porini inapata bei, na mtego wa waya hauchagui nani anapita. Sheria yetu ya tarehe 11 mwezi wa 2 mwaka 2014 juu ya kulinda viumbe ipo, na sokwe amelindwa kabisa. Kule Lwiro, Kivu ya Kusini, kuna kituo kilichoanza mwaka 2002 kinacholea sokwe yatima zaidi ya mia moja. Kila yatima mmoja ni hadithi ile ile ya zawadi ya Katomba: mama aliuawa kwanza. Mjomba anasema ile ngoma ya mizizi hajaisikia miaka mingi sasa. Zamani ukiisikia ulikuwa unajua upite njia gani. Watoto wa nyumbani kwetu waliisikia mara ya kwanza kwenye kompyuta yangu, na walifikiri ni ya nchi nyingine.

Mnyama anakwenda, na wanaomjua wanakwenda pamoja naye. Vyote viwili havina akiba.

Mwaka 2010 wataalamu walitumia mwanga wa pekee na kompyuta kusoma barua ambayo Livingstone aliiandika Bambarre mwezi wa 2 mwaka 1871, karatasi ikiwa imeharibika na wino umefifia. Walifaulu, na habari ikazunguka dunia. Nawapongeza kweli. Lakini mtu wa asali hayumo hata kwenye wino uliofifia, kwa hiyo hakuna mwanga utakaomtoa.

Sasa nimalizie na kosa langu, maana mhakiki asiyejigusa ni mwongo.

Jioni ya tatu nilipofunga kitabu, Mjomba aliuliza: "Huyo wa asali, alikuwa mwana wa nani?"

"Haikuandikwa, Mjomba."

"Na wa vidole?"

"Naye hapana."

Akanyamaza kidogo. Kisha: "Na wewe, mwipwa wangu, mu kile kitabu chako cha masomo, uliniandika?"

Nikasema ndiyo.

Nilidanganya. TFC yangu ilikuwa juu ya majina ya wanyama na imani za wawindaji. Zaidi ya nusu ya maneno yaliyomo nilipewa na Mjomba, siku nyingi, nyuma ya nyumba, akichonga mpini wa jembe. Nikayaandika chini ya neno "ankete". Watu walioniambia ni "wazee wa kijiji". Kwenye bibliografia nina wazungu kumi na mmoja, wengine niliwanakili kutoka kazi ya mwenzangu bila hata kuona kitabu chenyewe. Juri walinipa alama nzuri. Hakuna aliyeniuliza nani alinionyesha mti. Na mimi, niliyekuwa namkasirikia Livingstone, nilikuwa nimemfanyia mjomba wangu mwenyewe jambo lile lile, tena bila vidonda miguuni.

Najua siko peke yangu. Fungueni TFC zenu mhesabu. Tunamaliza shahada kwa midomo ya wazee, tunawashukuru kwa jumla kwenye ukurasa wa kwanza, halafu nakala inabaki kabatini Kindu au Kasongo na kijijini haifiki. Association yetu inaweza kuanza na jambo dogo: anayeandika juu ya wanyama, miti, samaki au dawa za kwetu, aweke mwishoni orodha ya waliomfundisha, jina, kijiji, kazi, mwaka, kama wenyewe wamekubali. Na nakala moja irudi kwao, hata kama ni ya kusomewa.

Asubuhi yake nilimwambia Mjomba ukweli. Hakukasirika kama nilivyoogopa. Aliniambia nilete daftari. Nikakaa kwenye kigoda, nikafungua ukurasa mpya, nikaandika tarehe, nikaanza kuandika jina lake.

Akanizuia kwa mkono.

"Ngoja. Anza na baba mudogo. Yeye njo alinionyesha ule muti wa kwanza. Na yeye alionyeshwa na mutu wa ng'ambo ya Luama, andika na huyo."

Nikaandika. Tulifika majina saba kabla ya lake.